Mkatekumeni Anapopatwa na Mateso

Mara nyingi jambo hutukia hivi. Mtu ameomba mafundisho, jina lake limeandikwa katika kitabu cha wakatekumeni, ametiwa alama ya msalaba mbele ya Wakristu wote, naye amezoea kuja kapelani kila juma bila kukosa. Kisha katika mwaka ule ule mihogo yaoza shambani. Au mtoto wake mchanga ashikwa na homa jioni, na kabla ya jogoo kuwika amekwisha kufa. Watu waketi matangani. Usiku, moto ukiwa umepungua, mzee mmoja wa ukoo asema kwa sauti ya chini: tangu huyu aingie dini, nyumba hii haina heri tena, mizimu ya wazee imeachwa bila kitu, nayo imekasirika. Mwingine ajibu kwamba si mizimu, bali ni mtu, na mtu huyo ajulikana. Asubuhi mbuzi amekwisha kufungwa kamba, tayari kupelekwa kwa mfumu, ili aseme ni nani aliyefanya neno hili.

Hapo mkatekumeni amefika njia panda. Siku zote alizojifunza sala na amri za Mungu hapakuwa na mtu wa kumsukuma. Sasa anasukumwa na watu awapendao. Akikataa kwenda kwa mfumu, ndugu zake watasema hakumpenda mtoto wake, au hata kwamba ni yeye mwenyewe aliyemla. Akikubali, atakuwa ameweka tumaini lake mahali pengine, naye ajua hivyo moyoni. Wengi wanaoacha mafundisho hawaachi kwa sababu katekisimu ni ngumu. Wanaacha katika juma la matanga.

Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe mwaka 1868, aliagiza kwamba katika nchi hizi mtu asibatizwe kabla ya kukaa miaka 4 katika mafundisho. Wengine walinung'unika wakiona muda huo ni mrefu mno. Lakini katika miaka 4 ni nyumba gani ya kijiji isiyopatwa na msiba? Na katika msiba ndipo huonekana kama imani ya mtu imetia mizizi au imebandikwa tu juu ya ngozi. Siku hizi Kanisa hufuata taratibu iliyotolewa Roma mwaka 1972 kwa ajili ya kuwaingiza watu wazima katika Ukristu, na muda wa mafundisho si mmoja mahali pote. Msiba wenyewe haujabadilika.

YOBU NA RAFIKI ZAKE

Katika Maandiko Matakatifu kimo kitabu kizima, chenye sura 42, juu ya mtu mwema aliyepatwa na mateso. Jina lake Yobu. Alikuwa na wana 7 na binti 3, kondoo 7,000, ngamia 3,000, na ng'ombe na punda wengi. Naye alimcha Mungu na kuepuka uovu. Katika siku moja mali yake yote ilinyang'anywa au kuteketea, na nyumba waliyokuwamo watoto wake iliangushwa na upepo wa jangwani, wakafa wote. Halafu mwili wake ukajaa majipu tangu wayo wa mguu hata utosi, akawa anakaa majivuni akijikuna kwa kigae.

Rafiki zake watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, walisikia habari hiyo wakaja kutoka mbali. Hapo mwanzo walitenda vema sana. Walipomwona hawakumtambua, wakalia, wakaketi pamoja naye chini muda wa siku 7, mchana na usiku, pasipo kusema neno, kwa sababu waliona uchungu wake ni mkubwa. Katika kazi zote walizofanya kwa ajili ya Yobu, hiyo ndiyo iliyokuwa bora. Mambo yaliharibika walipofungua kinywa.

Maana walisema nini? Kwa maneno mengi na kwa sura nyingi walisema jambo moja tu: Mungu ni mwenye haki, basi mtu hateswi bure, tafuta dhambi yako, Yobu, uiungame, nawe utapona. Maneno hayo yafanana na maneno ya dini, na ndiyo sababu yana hatari. Yobu alikataa. Alisema hakutenda uovu unaolingana na mapigo hayo. Alilia, alilaani siku aliyozaliwa, alimwuliza Mungu maswali makali, akataka hata kushindana naye kama watu washindanavyo barazani mbele ya mwamuzi. Mtu akisoma sura hizo kwa mara ya kwanza huogopa, akidhani Mungu atamwadhibu Yobu kwa ujasiri wake.

Lakini tazama jinsi kitabu kinavyokwisha. Mungu alisema na Yobu katika tufani, akamwonyesha ukubwa wa viumbe vyake, bahari na nyota na wanyama wa porini, hata Yobu akanyamaza. Kisha Mungu akamgeukia Elifazi, akamwambia kwamba hasira yake imewaka juu yake na juu ya wenzake wawili, kwa sababu hawakunena juu yake yaliyo sawa kama alivyonena Yobu. Waliomtetea Mungu kwa uongo walikaripiwa. Aliyelia mbele yake kwa kweli alihesabiwa haki. Tena iliwapasa kumwendea Yobu ili awaombee msamaha.

Yobu hakuambiwa kamwe kwa nini aliteswa. Msomaji wa kitabu amesikia habari za shetani katika sura mbili za kwanza. Yobu mwenyewe hakuzisikia. Alimwona Mungu, akatosheka. Baadaye alipata tena wana 7 na binti 3. Wafundishaji wengine hutaja neno hilo upesi, kana kwamba hesabu imelipwa. Mama yeyote aliyezika mtoto ajua kwamba mtoto wa pili si yule wa kwanza, na kitabu chenyewe hakisemi kwamba Yobu aliwasahau wale aliowazika.

ULIZO LA "NANI"

Siku moja wafuasi wa Yezu walikutana na mtu aliyezaliwa kipofu. Mara wakauliza ulizo lile lile la vijijini: ni nani aliyetenda dhambi hata huyu akazaliwa hivi, yeye au wazazi wake? Yezu akajibu kwamba si yeye wala wazazi wake. Hakutafuta mtu wa kulaumiwa. Aliinama, akafanya tope kwa mate yake, akampaka kipofu machoni, akamtuma kwenda kunawa katika bwawa la Siloamu. Yule akanawa, akaona. Habari hiyo imo katika Evanjili ya Yoane, sura ya 9, nayo husomwa mbele ya wateule katika Dominika ya nne ya Kwaresima, majuma machache kabla ya kubatizwa kwao.

Siku nyingine Yezu alikumbusha habari ya mnara uliowaangukia watu 18 huko Siloamu, wakafa. Akauliza kama wasikilizaji wake walidhani kwamba watu hao walikuwa wakosefu kupita wakaaji wengine wote wa Yeruzalemu. Akajibu mwenyewe kwamba sivyo. Akawahimiza wote watubu, wale waliosalimika pia. Basi msiba haupimi dhambi ya mtu. Nyumba ya jirani ikiungua, mwenye nyumba isiyoungua hana ruhusa ya kujiona mtakatifu.

Kadiri ya mafundisho ya Kanisa, Mungu hakuumba kifo ili apendezwe nacho. Aliumba ulimwengu mwema, na mateso yaliingia pamoja na dhambi ya wanadamu wa kwanza. Tangu hapo watu wote huzaliwa katika ulimwengu uliojeruhiwa. Lakini mateso ya mtu huyu, siku hii, huwa na sababu yake karibu, na mara nyingi sababu hiyo yaweza kujulikana. Homa ya malaria huletwa na mbu, jambo lililothibitishwa na mganga Mwingereza Ronald Ross mwaka 1897. Malale huletwa na mbung'o. Kipindupindu hupita katika maji na vyakula vilivyochafuliwa. Mtoto aliyechelewa kupelekwa dispensari kwa sababu jamaa walikuwa wakingoja jibu la mfumu hakuuawa na bibi yake mzee anayekaa nyumba ya mwisho.

Neno hili ni la kusemwa waziwazi, kwa maana damu ya watu imo ndani yake. Mfumu akipiga ramli, yampasa kutaja mtu. Asipotaja hatapata mbuzi wake. Naye hutaja nani? Hamtaji mwenye nguvu, wala mwenye watoto wengi wa kumtetea. Humtaja mjane, au mzee mwenye macho mekundu kwa moshi wa miaka mingi, au mtoto yatima aliyelelewa kwa shangazi. Baada ya hapo mtu huyo hana mahali. Hufukuzwa, nyumba yake huchomwa, wengine hupigwa hata kufa. Amri ya nane yakataza kumshuhudia jirani uongo. Anayepeleka mbuzi kwa mfumu ananunua ushuhuda wa uongo, tena ananunua ule unaoweza kuua. Ndiyo sababu Kanisa halikubali mkatekumeni ashike njia mbili pamoja. Haikatazwi kwa wivu wa Mapadri juu ya desturi za wazee, kwa maana desturi nyingine za matanga ni nzuri sana, na Ukristu hauziondoi: kulala chini na wafiwa, kuleta kuni na unga, kuimba usiku kucha.

Tena kuna wahubiri wanaopita wakisema kwamba mwenye imani ya kweli haugui wala hakosi fedha, na kwamba akiugua ni kwa sababu hakutoa sadaka ya kutosha. Hao ni Elifazi na wenzake waliorudi. Hutaja tena mwenye kosa, isipokuwa safari hii mwenye kosa ni mgonjwa mwenyewe.

Dawa ya dispensari si upungufu wa imani. Katika kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, mgonjwa anaagizwa kumwomba Mungu na kuacha dhambi, kisha ampe mganga nafasi yake, kwa kuwa mganga naye ameumbwa na Bwana, na dawa zatoka katika ardhi kwa amri yake. Yote mawili pamoja: sala na dawa. Anayesali tu na kumwacha mtoto bila dawa anamjaribu Mungu.

MATESO YATOKAYO MIKONONI MWA WATU

Si kila uchungu huletwa na mbu au upepo. Mwingine hutoka moja kwa moja katika moyo mbaya wa mtu, na huo ndio mgumu zaidi kuvumilia. Watu wa mashariki ya Kongo wameujua sana tangu vita vya mwaka 1996: kukimbia usiku, kuacha mavuno, kurudi na kukuta kaburi. Kwa habari hii wakatekumeni wanaye mtu wa nchi yao wa kumtazama, ambaye naye alikuwa mkatekumeni.

Isidori Bakanja alizaliwa kati ya miaka ya 1880 na 1890 katika nchi ya Wamongo, upande wa Ekwateri. Alikuwa maskini, akaenda kutafuta kazi mjini Coquilhatville, ambao leo huitwa Mbandaka, akawa msaidizi wa mwashi. Huko alikutana na Watrapisti, wamonaki waliotoka Westmalle katika nchi ya Ubelgiji, akaomba mafundisho. Alibatizwa tarehe 6 Mei 1906. Siku zile alipewa rozari, na skapulari ya Bikira Maria wa Mlima Karmeli, yaani vipande viwili vidogo vya kitambaa vinavyovaliwa shingoni, kimoja kifuani na kimoja mgongoni. Watu wa nchi ile walimtambua Mkristu kwa vitu hivyo. Isidori hakuvivua.

Baadaye aliingia katika utumishi wa mzungu wa kampuni ya mpira, akafika naye mahali paitwapo Ikili. Hapakuwa na Padri karibu, wala kapela. Isidori alisali mwenyewe, na wenzake walipomwuliza aliwafundisha sala alizozijua. Msimamizi wa mahali pale aliwachukia Mapadri na sala zao, kwa kuwa aliona kwamba watu wakifundishwa kuwa ni watoto wa Mungu hawatatumikishwa tena kama wanyama. Akamwamuru Isidori aache kufundisha wengine na kuvua kile kitambaa shingoni. Alikikuta tena, akamwadhibu kwa fimbo.

Mwezi wa Februari 1909 alimrudia kwa hasira, akamkwanyua skapulari, akaamuru watumishi wamshike miguu na mikono na kumpiga kwa mjeledi wa ngozi ya tembo wenye misumari. Mapigo yalipita 100. Waliolazimishwa kupiga walikuwa watu weusi kama yeye, nao waliogopa kupigwa wao wakikataa. Mgongo wake ukawa donda moja. Halafu alifungwa minyororo miguuni, akaachwa katika chumba. Ilipojulikana kwamba mkaguzi wa kampuni anakuja, msimamizi alitaka mtu huyo aondolewe asionekane. Lakini Isidori alijificha msituni, na mkaguzi alipofika akajikokota kwenda kwake. Mkaguzi alistuka kuona mifupa ndani ya donda, akamchukua ili auguzwe. Alikuwa amechelewa. Madonda yalikuwa yameoza.

Aliugua miezi mingi. Aliwaagiza waliomtunza kwamba wakimwona mama yake, au wakienda kwa hakimu, au wakikutana na Padri, wawaambie kuwa anakufa kwa sababu yeye ni Mkristu. Mwezi wa Julai Watrapisti wawili walifika, wakamwungamisha, wakampa Komunyo na Mpako. Walipomwuliza juu ya yule aliyempiga, alijibu kwamba hana kinyongo naye, na kwamba akifika mbinguni atamwombea sana. Alikufa tarehe 15 Agosti 1909, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, mwenye rozari mkononi na skapulari shingoni. Tarehe 24 Aprili 1994, wakati Maaskofu wa Afrika walipokuwa wamekutanika Roma katika Sinodi yao, Papa Yoane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa Mwenyeheri.

Katika habari hii wafundishaji wengi husimama mahali pamoja tu, yaani kusamehe. Ni kweli kwamba hapo ndipo penye nguvu kuu. Lakini Isidori alifanya na jambo jingine ambalo lisipite bila kuonekana. Alijitokeza kwa mkaguzi. Alitaka hakimu ajue. Hakusema kwamba mapigo yale yalikuwa mapenzi ya Mungu, wala kwamba msimamizi alikuwa na haki ya kumpiga kwa vile alikuwa bwana wake. Aliuita uovu kwa jina lake, na aliyeutenda akamsamehe. Kwa hiyo msamaha wa Kikristu haufichi kosa. Mtu aweza kumsamehe mwizi na kumshitaki barazani siku moja, mradi asitafute kulipiza kisasi.

Jambo hili huwahusu wanawake hasa. Wako waume ambao, wakisikia fundisho la msalaba siku ya Dominika, huligeuza kuwa fimbo siku ya Jumatatu. Humpiga mke kisha humwambia avumilie, kwa kuwa Mkristu hubeba msalaba wake. Hayo ni makufuru. Msalaba wa Yezu aliubeba yeye mwenyewe kwa upendo, hakumtwika mwingine. Mwanamke anayepigwa na aende kwa wazee, kwa mfundishaji, kwa masista, hata kwa hakimu. Hajakosa uvumilivu kwa kufanya hivyo. Vivyo hivyo binti aliyetendewa jeuri na wenye silaha hana dhambi yoyote katika tendo lile, wala hakuna sababu ya kumtenga kapelani au nyumbani. Aibu ni ya mtenda.

KUSALI WAKATI WA UCHUNGU

Wengine hudhani kwamba Mkristu wa kweli halii. Yezu mwenyewe alilia mbele ya kaburi la Lazaro, rafiki yake, ingawa alijua kwamba baada ya kitambo kidogo atamfufua. Evanjili hiyo ndiyo isomwayo kwa wateule katika Dominika ya tano ya Kwaresima. Tena usiku ule katika bustani ya Getsemani alishikwa na hofu na huzuni, akamwomba Baba mara tatu kwamba, ikiwezekana, kikombe kile kimwepuke. Na kila mara aliyaweka mapenzi ya Baba juu ya mapenzi yake. Wafuasi aliowaomba wakeshe naye walilala usingizi.

Kwa hiyo mkatekumeni anayeomba mateso yake yaondolewe hakosi. Anaomba kama Yezu alivyoomba. Zaburi ni 150, na nyingi kati yake ni vilio vya watu waliosongwa na maadui, magonjwa na njaa. Siku ambayo mtu hana maneno yake mwenyewe, asome mojawapo, au ashike rozari katika matendo ya uchungu, au aseme tu jina la Yezu. Hata kusema mbele ya Mungu kwamba moyo umechoka ni sala. Yobu amekwisha kuonyesha.

Lakini ikiwa Mungu haondoi? Mtume Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba uliomwumiza mwilini. Haukuondolewa, akaambiwa kwamba neema ya Mungu yamtosha. Mwiba ulikuwa nini hakuandika. Kwa Wakolosai aliandika kwamba anafurahia mateso yake kwa ajili yao, akiyaunga na mateso ya Kristu kwa faida ya mwili wake, ndio Kanisa. Juu ya fundisho hilo Papa Yoane Paulo wa Pili alitoa barua nzima tarehe 11 Februari 1984, naye alijua alichoandika, kwa kuwa mwaka 1981 alipigwa risasi, na miaka miwili baadaye alimwendea mwenye kumpiga gerezani. Maana yake kwa mtu wa kijijini ni hii: mgonjwa alalaye juu ya mkeka, asiyeweza kulima wala kutwanga, bado anayo kazi. Aweza kutoa uchungu wa siku ile kwa ajili ya mtoto wake aliye mbali, au kwa ajili ya adui yake. Mungu hapendezwi na uchungu. Anapendezwa na upendo uliokubali kutozimika ndani ya uchungu.

Na wenzake wafanye nini? Wafanye kama rafiki za Yobu katika zile siku 7 za kwanza. Mtu asimwendee mfiwa na hotuba. Amchotee maji, amwashie moto, akae. Mahali pengi jumuiya ndogo ya Wakristu, iitwayo shirika, hugawana zamu: leo nyumba hii hupika ugali, kesho ile hupalilia shamba la mgonjwa, kesho kutwa vijana wanne humchukua kwa machela hata dispensari. Mkatekumeni aliyeona hayo mara moja matangani hahitaji kuelezwa kwa maneno mengi Kanisa ni kitu gani. Naye atakapoulizwa na wazee wa ukoo kwa nini hakwenda kwa mfumu, asijibu kwa dharau. Hao ni baba zake, nao wana uchungu kama yeye. Aseme kwa heshima kwamba mtoto yupo mikononi mwa Mungu, na kwamba hatataja jina la mtu yeyote. Halafu alete kuni.

MKATEKUMENI AKIWA KARIBU NA KUFA

Hofu moja huwasumbua wengi: itakuwaje nikifa kabla ya kubatizwa? Katika hatari ya kifo mkatekumeni asingoje Pasaka. Padri akiwa mbali, mtu yeyote aweza kumbatiza, hata asiye Mkristu, mradi awe na nia ya kufanya lifanywalo na Kanisa: amimine maji juu ya kichwa cha mgonjwa huku akimbatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Kila nyumba ya wakatekumeni yafaa awepo mtu anayejua kufanya hivyo bila kubabaika. Na kama kifo kikimfikia ghafula njiani au mtoni, tamaa yake ya ubatizo, pamoja na toba na upendo, yampatia wokovu. Kanisa humzika kama mtoto wake.

Mashahidi wa Uganda wanashuhudia jambo hilo. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886 Karoli Lwanga aliwabatiza wenzake wakatekumeni, mmoja wao kijana Kizito, kwa maana walijua kwamba mfalme atawahukumu. Mukasa Kiriwawanvu hakupata maji. Alikufa motoni Namugongo tarehe 3 Juni 1886 angali mkatekumeni, akabatizwa katika damu yake. Na tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo wa Sita alimtangaza mtakatifu pamoja na wenzake 21. Mwaka ule ule, usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba, Sista Anuarite Nengapeta aliuawa mjini Isiro kwa kumkataa mkubwa wa askari aliyetaka kumtwaa kwa nguvu, akamsamehe hapo hapo. Alitangazwa Mwenyeheri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985.

Kabla ya ubatizo kuna Mafuta ya wakatekumeni. Padri humpaka mtu kifuani au mikononi, akimwombea nguvu ya Kristu Mwokozi. Mafuta hayo yalibarikiwa na Askofu katika Juma Takatifu. Zamani wapiganaji wa mieleka walijipaka mafuta wasikamatwe na adui kwa urahisi, na Kanisa limeichukua ishara hiyo: anayepakwa anapelekwa kwenye shindano. Yaweza kutolewa zaidi ya mara moja katika muda wa mafundisho. Mkatekumeni aliye katika msiba na amwambie mfundishaji, ili Padri atakapopita kijijini ampake.

Kwa juma lijalo wakatekumeni wasome kitabu cha Yobu sura ya 1 na ya 2, kisha sura ya 42. Na Evanjili ya Yoane sura ya 9 na ya 11. Asiyejua kusoma asomewe na mwenzake. Mwenye kumjua mtu aliyefukuzwa katika kijiji kwa neno la mfumu amweleze mfundishaji jina la mahali anapokaa sasa.